Kadi ya Bonane kwa Mama Mudogo

Babu yangu alipofariki, mama na mdogo wake waliacha kusemezana. Huyo mdogo wake, ninayemwita mama mudogo, anaishi Ubelgiji, na wakati ule alikuwa bado anasubiri karatasi za ukaazi. Angetoka, asingeruhusiwa kurudi. Kwa hiyo hakuja kumzika baba yake. Siku ya tatu ya kilio alipiga simu, na mama, mbele ya watu waliojaa uani kwetu Katindo, akamwambia, "Ukae huko huko. Papa alikuwa na mutoto mumoja tu."

Tangu siku ile namba ya mama haikupita tena kwake. Mimi alinijibu, ila nikimtaja mama alikata simu.

Miaka miwili ikaenda hivyo. Desemba moja mama akaniomba nimsindikize Birere kununua kadi ya bonane, ya salamu za mwaka mpya. Nilishangaa. Siku hizi nani anatuma kadi?

"Simu alinifungia," akasema. "Lakini anwani yake ninayo."

Kweli alikuwa nayo, kwenye bahasha ya zamani iliyokuja na picha za ubatizo. Tulizunguka madukani karibu saa nzima. Kila kadi mama aliifungua, akasoma Kifaransa kilichochapwa ndani, akairudisha. "Hii inasema sana." Mwishowe alichukua moja yenye maua meupe, isiyo na neno lolote ndani. Nyumbani akaandika mstari mmoja wa Kiswahili: *Bonane, mudogo yangu. Siku ile nilisema vibaya.* Alinionyesha kama mwanafunzi anayeonyesha daftari, kisha akaitia katika bahasha na kuifunga kabla sijasema kitu.

Stempu tulivuka mpaka kuzinunua Gisenyi, kama walivyofanya majirani zetu wenye barua za ng'ambo. Tulipanga mstari pale petite barrière, kivuko kidogo cha mpakani, nyuma ya akina mama waliobeba ndoo za samaki, tukafika posta jua limekuwa kali. Kijana wa dirishani aliipima bahasha na kutuwekea stempu zenye picha ya ngagi, yule sokwe mkubwa wa milimani.

"Ngagi hapana," mama akasema. "Atafikiri bado ninamutukana."

Kijana alicheka, akatafuta nyingine, zenye ndege. Mama alizilamba mwenyewe na kuzikandamiza kwa kidole gumba, moja moja. Kisha kijana akageuza bahasha.

"Mama, hapa nyuma andika jina la anayetuma."

Mama alishika kalamu, akasita. Watu nyuma yetu walianza kuguna.

"Akiona jina langu hatafungua," akaninong'oneza.

"Basi tuweke langu, mama. Atafungua bila wasiwasi."

Alifikiri. Nilidhani amekubali, maana aliisogeza bahasha upande wangu. Halafu akaivuta tena. "Hapana. Kama hatafungua, asifungue akijua ni mimi." Akaandika jina lake lote, lile la ubatizo na lile la Kishi, lugha ya kwetu, kwa herufi kubwa.

Bonane ikapita, Januari ikaisha. Mama hakuuliza kitu, lakini kila simu yangu ilipolia aliacha alichokuwa akifanya. Mwisho wa Februari, Jumapili tulipofika nyumbani kutoka misa, mama mudogo akapiga.

"Karte ilifika kitambo," akaniambia. "Niliiweka juu ya frigo. Wiki ine nilikuwa ninaipita tu bila kuifungua." Kisha akauliza, "Mama yako iko wapi? Mupe simu."

Mama alipokea kwa mikono miwili. Walisalimiana kwa Kishi, polepole, kama wageni. Kisha nikamwona mama anavuta kiti, anaketi kivulini mwa ukuta wa mawe ya volkano, na kuanza kusimulia.

Mdogo wake alikuwa amemwomba jambo moja tu: amweleze siku ya kumzika baba yao. Hakuna aliyewahi kumweleza, hata mimi. Mama alimwambia hatua kwa hatua: suti waliyomvalisha, nani walibeba jeneza, wimbo uliowashinda wanakwaya kwa sababu ya machozi, mvua iliyoanza tukiwa njiani kwenda makaburini. Chaji ya simu ikaisha masimulizi yakiwa bado makaburini.

"Nenda uweke kwa umeme haraka," mama akaniambia, akifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Bado ananingoja."