Siku Tulipompigia Kura Bihogo

Enzi zetu, ninyi wenzangu mliokulia Kampala vita vilipokwisha, jogoo hakuomba ruhusa ya mtu ili awike. Kuku walilala jikoni, bata waliogelea kwenye madimbwi ya barabarani, na kule Bugolobi niliwahi kuona kwa macho yangu mbuzi akichungulia kutoka ghorofani kama mpangaji aliyelipa kodi. Maziwa ya dukani yalikuwa adimu, basi kila mwenye kipande cha uwanja alifuga. Sisi, chini ya kilima cha Kibuli, tulikuwa na Bihogo.

Alikuwa ng'ombe wa rangi ya kahawia iliyokolea, mwenye macho ya bibi harusi. Kazi yetu watoto, tukitoka shule, ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na magunia, tukikusanya maganda ya matoke. Wenzangu, mnaukumbuka ule utomvu? Ulinata vidoleni na kuacha madoa meusi kwenye shati la shule, hata sabuni ya mche ikanyoosha mikono. Mama alikuwa akisema, "Mkirudi na gunia nusu, mtakunywa chai nusu." Aliyetupatia maganda alipata mbolea ya bustani yake, na mtoto wake akiugua, kikombe cha maziwa ya moto kilimfuata kitandani.

Jirani yetu Mzee Kizito, karani wa ofisi moja mjini, hakupendezwa. Asubuhi moja alisimama kwenye ua, tai shingoni, akamwita Mama kwa neno la heshima la Kiganda.

"Nnyabo, hapa ni mahali pa watu kulala. Hii ng'ombe yako inanuka mpaka kwa chai yangu!"

"Pole, ssebo," Mama akamjibu akiendelea kukamua. "Chai yako na Bihogo watazoeana."

Akaenda kushtaki. Afisa wa jiji akaja, mtu mpole, akatueleza sheria: penye makazi ya watu ng'ombe hafugwi bila kibali, na kibali hakitoki bila majirani kukubali. Wakikataa, aondoke. Hatukuwa na shamba popote. Bihogo akiondoka pale, njia yake ilikuwa moja tu, ya machinjioni. Dada yangu mdogo aliacha kula. Alishinda bandani ameshika sikio la ng'ombe, akimnong'oneza mambo tusiyoyajua.

Jumapili kamati ya mtaa ikaita mkutano, nasi tukamleta Bihogo. Mnakumbuka jinsi tulivyopiga kura siku zile: mgombea anasimama mbele, wanaomtaka wanapanga mstari nyuma yake, naye haruhusiwi kugeuka, asije akawatisha watu kwa macho. Mwenyekiti akatangaza, "Anayetaka ng'ombe aende, nyuma ya Mzee Kizito. Anayetaka abaki, nyuma ya ng'ombe."

Banange, kile kicheko! Lakini kikaisha, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza, pale karibu na mkia. Sisi watoto hatukuwa na kura. Nilimtazama dada yangu, ameing'ang'ania kamba ya Bihogo. Ndipo Mama Furaha, muuza vitenge kutoka Kongo, alipojifunga nguo kiunoni.

"Miye nasimama kwa mkia. Huyu alinilelea mtoto!"

Mkia ukampiga kofi, kilemba kikaanguka, hakusogea. Wengine wakamfuata. Bihogo akageuza kichwa kuwatazama watu wake, na Otieno, fundi wa magari kutoka Kisumu, akapiga kelele, "Mwenyekiti! Mgombea anageuka! Anatisha wapiga kura!"

Mzee Kizito alisimama wima, akitengeneza tai. Alisikia nyayo zikija nyuma yake, akatabasamu. Hakujua kwamba zilikuwa zinapita tu. Mkewe alipita mwisho, mtoto mgongoni, viatu mkononi, akinyata.

"Geuka, ssebo," Mwenyekiti akasema.

Akageuka. Nyuma yake alikuwapo mbwa wake peke yake, ulimi nje.

"Na huyo ana kibali?" Otieno akauliza.

Mzee Kizito akamwona mkewe ng'ambo ya pili. "Hata wewe, Mama Sara?"

"Ssebo, maziwa ya chai yako ya kila asubuhi, ulidhani yanatoka wapi?"

Akatazama mbwa, akatazama ng'ombe, kisha akacheka mpaka akalegeza tai. Afisa wa jiji, aliyekuja kushuhudia, akatoa kibali palepale. Tulimtembeza Bihogo mtaa mzima, tukipiga madebe, dada yangu mbele akiwa ameshika kamba, kifua mbele kama jenerali. Jioni ile alikula sahani mbili.

Tangu hapo nimehangaika na dunia: Juba, Goma, Nairobi. Juzi nilirudi Kibuli. Penye banda pana ghorofa, na bango langoni linakataza mnyama wa aina yoyote. Mpwa wangu alishtuka kusikia kwamba maziwa hutoka na joto lake. Ugomvi wa majirani siku hizi huishia kwenye simu: mtu anabonyeza kikatuni chenye hasira, mambo yamekwisha. Haendi akasimama mahali akaonekana na mwenzake.

Nikiwa pale langoni, jogoo akawika kutoka ghorofa ya juu kabisa. Mlinzi akaruka kutoka kitini.

"Mzee, umesikia hiyo kitu?"

Nilikwenda nikasimama chini ya dirisha lile, kifua mbele, kama mtu anayeanzisha mstari.