Sabuni Isiyotoa Povu

Jamani, nichekeni tu, maana hata mimi nimejicheka mpaka nimechoka, ingawa siku ile nilitamani ardhi ya Kongwa ipasuke inimeze na aproni yangu.

Nafundisha sanaa shule ya msingi, na chumba changu cha sanaa, tuseme ukweli, kilikuwa jalala lenye paa: udongo wa kufinyanga umekaukia sakafuni, magazeti yaliyolowekwa yananuka kwenye ndoo, na chupa tupu za maji ya kunywa nimezijaza kila aina ya kimiminika (nilikuwa najisifu kabisa kwamba sihitaji kuziandika, nazijua kwa macho). Mwalimu Mkuu alikuwa akikimezea mate chumba hicho ahifadhie mahindi ya chakula cha wanafunzi. Akaniambia wazi, "Mwalimu Zuhura, kesho Afisa Elimu anakuja kukagua. Akikuta uchafu, mahindi yanaingia, wewe na watoto wako mtachorea nje."

Basi badala ya kupanga vitu kama mtu mwenye akili, asubuhi nilikomba kila kitu nikasukumia kabatini, nikaubana mlango kwa kiti, chumba kikang'aa. Afisa akaingia, mzee wa heshima zake, nikampa shikamoo na goti juu yake, akashikashika vinyago vya watoto ambavyo bado vilikuwa vibichi, akasema, "Hongera, mwalimu, hapa pana kazi." Nikamtupia Mkuu jicho la ushindi. (Jicho lile, mimi jamani!)

Chakula kikawa tayari, ugali na kuku wa kienyeji, mgeni mikono ina udongo, Mkuu akaniagiza sabuni. Kwa mbwembwe nikachomoa chupa kabatini, nikammiminia viganjani kwa ukarimu wote niliofundwa kwetu Kondoa. Akasugua, akasugua tena.

"Mwalimu, mbona sabuni yako haitoi povu?"

"Maji yetu ya kisima yana chumvi, mzee," nikajibu bila kusita, maana ndivyo tunavyomwambia kila mgeni, na kweli povu kwetu ni la kubahatisha. Akaelewa, akaomba sabuni zaidi. Na kwa kuwa maji yenyewe tunayabania, nikamsuuza kwa matone tu.

Narudisha chupa ndipo nikaona shingoni mwake pameganda utando mweupe. Gundi! Ile gundi ya mbao niliyoizimua kwa maji ili tubandikie magazeti.

Ningesema palepale yangeisha, lakini niliyafikiria yale mahindi, nikafunga mdomo, nikakaa nao mezani nikiomba upepo usivume. Upepo wa Kongwa huo, utauomba nini? Ukavuma, mikono ikakauka, mgeni akamega tonge, tonge likagoma kuachia vidole, akajikwangua, na kutoka kiganjani kikabanduka kipande kirefu, cheupe, na mistari ya mkono wake yote imo.

"Ngozi yangu!" akapiga ukelele. "Mkuu, mmenipaka nini?"

Mkuu akaita gari liwashwe waende zahanati, mwalimu wa nidhamu akaanza kusali kwa sauti, na mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani natuliza watu: "Usihofu, mzee, ni gundi tu. Inabanduka vizuri, hata watoto wanapenda kuibandua."

Hakuna aliyecheka. Afisa aliondoka bila kumpa mtu mkono, na kabla wiki haijaisha magunia yaliingia chumbani kwangu, Mkuu akiyasimamia kwa furaha ya bwana harusi. Siku hizi tunachorea barazani, upepo unabeba karatasi, watoto wanazikimbiza mpaka uwanjani, na kila wakikimbia roho inaniuma, kwa sababu wao hawakumpaka mtu gundi.

Nimeapa, na sasa kila chupa yangu ina jina kwa herufi kubwa, hata ya maji ya kunywa. Haijasaidia. Nikiwapa walimu wenzangu sabuni, wananiambia ninawe mimi kwanza, halafu wanasimama pale wote, wakinisubiri nikauke.