Kandambili za Shangazi

Juzi nilikuwa nafufua kompyuta ya kizamani niliyoipata kwa fundi, mshale wa kwenye skrini ukagoma kutembea. Nikamkumbuka Baba, alasiri moja ya utoto wangu nyumbani Lindi, jasho likimtoka mbele ya mashine kama hiyo, chumba kikinuka vumbi lililopata moto. Isipokubali leo, alisema, inarudi Dar.

Shangazi akaingia na kandambili zake. Mimi nilijua chumba cha kompyuta watu huvua viatu, kama msikitini.

“Shangazi, vua. Kompyuta imechukia.”

Akacheka, akavua. Baba akachomoa plagi mbili za mviringo nyuma ya mashine, akazibadilisha matundu, akawasha upya. Mshale ukatembea.

“Si unaona?” nikamwambia Shangazi.

Siku hizi najua kipanya kilikuwa kimechomekwa tundu la kibodi. Juzi nami nilizibadilisha plagi hizo. Ila kabla ya kuwasha niliitazama miguu yangu, nikavua viatu.