Rangi Inayochelewa Kukauka

Mama Dobi hakuwa na ugomvi na sakafu ya gereji. Ilikuwa saruji tupu, yenye doa la oili katikati na ufa mmoja ulioanzia mlangoni ukaishia njiani, kama mtu aliyeghairi safari. Miaka yote ilitoa vumbi jeupe, naye alilifagia bila kinyongo. Ugomvi wake ulikuwa na gari lililolala juu yake, na hasa na aliyeliendesha, yaani mumewe.

Huyu mume alikuwa mwalimu wa udereva mpaka alipostaafu, na nusu ya madereva wa mji ule walipitia mikononi mwake. Walimwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno alilolisema tangu mwanafunzi anakaa kwenye kiti mpaka anashuka. Taratibu alimfelisha hata shemeji yake mwenyewe kwa kutoangalia kioo cha pembeni, wakakaa muda mrefu hawasalimiani. Sasa daktari wa macho alikuwa amemwambia kwamba presha ya macho imekula uwezo wake wa kuona pembeni, kwamba kilicholiwa hakirudi, na kwamba aache kuendesha. Taratibu alimshukuru daktari, akatoka nje, akawasha gari, akarudi nyumbani.

"Dereva anaangalia mbele," alimweleza mkewe.

Tangu hapo alikuwa amegonga nguzo ya geti, pipa la taka la jirani, na nguzo ya geti tena. Mama Dobi alisema kwa upole, akasema kwa ukali, kisha akanuna. Yote yaliingia sikio hili yakatokea lile. Na mama huyu alikuwa akiogopa kweli, woga wa kumnyima mtu usingizi: siku moja pale pembeni pasipoonekana patakuwa na mtoto wa watu. Kuficha ufunguo hakukusaidia, maana mwalimu wa udereva ana ufunguo wa akiba, na akiba ya huo wa akiba.

Ndipo akaanza kuilalamikia sakafu.

"Vumbi hili litatuua, Baba Watoto," alisema asubuhi moja, akikohoa kikohozi alichokifanyia mazoezi jikoni. "Hapa gereji papakwe kitu cha kudumu."

Taratibu alifurahi mno. Hakuwahi kumsikia mkewe akiijali gereji. Wakaenda duka la rangi, tena kwa miguu, kwa vile siku hiyo Mama Dobi aliamka na hamu ya kutembea.

Muuza rangi alikuwa mama wa maneno mengi, na kila kucha yake ilikuwa na rangi yake, zote za pale pale dukani. Aliwapangia mambo juu ya kaunta. Kulikuwa na rangi ya kawaida ya sakafu, nzuri tu, ila matairi yakiingia yana moto yanaibandua. Kulikuwa na vigae, ila jeki ikidondoka kigae kinapasuka, na mafuta yakimwagika anayepasuka ni mwenye nyumba. Halafu kulikuwa na epoksi, makopo mawili yanayochanganywa, ambayo ikishashika haijali mafuta wala nyundo.

Taratibu aliuliza maswali ya mtu anayejua anachokisema. Aliuliza kuhusu uzito wa gari na breki ya ghafla, na usukani ukikatwa gari likiwa limesimama. Mama Dobi alingoja amalize, kisha akauliza la kwake.

"Ipi inachelewa kukauka?"

Muuza rangi alimkodolea macho. Wateja wote humuuliza kinyume chake.

"Mimi nimesimamia dobi la hospitali mpaka nikastaafu," alisema Mama Dobi. "Mambo ya kukauka nayajua. Kitu cha kukaushwa kwa pupa mimi sikiamini."

Hilo la pupa halikuwa na ukweli wowote, lakini yalisemwa na mtu aliyezoea kutiiwa na mashine.

"Basi ni epoksi, mama. Sakafu yenyewe ikauke kabisa kwanza, na ikishapakwa, gari likae mbali wiki nzima."

"Tupe hiyo," alisema, mkoba ukiwa wazi tayari.

Gari lilichukuliwa na binti yao, anayekaa mtaa wa pili, na ambaye alikuwa amekula njama na mama yake mapema. Fundi wa sakafu akaja. Alikwangua, akasugua doa la oili kwa sabuni, akaziba ufa, kisha akabandika kipande cha nailoni sakafuni kwa utepe pande zote. Kama unyevu unapanda kutoka chini, alisema, asubuhi tutakuta matone. Mama Dobi aliipenda sana ile nailoni. Fundi alipoondoka, aliinua pembe moja, akanyunyiza maji kwa vidole kama anayetaka kupiga pasi, akairudishia vizuri.

"Sakafu hii inatoa maji," fundi alishangaa kesho yake.

"Nyumba ya zamani hii, mwanangu," alisema Mama Dobi.

Ikatoa maji na kesho yake tena, na siku iliyofuata, mpaka fundi akaanza kutaja habari ya kuchimba atafute bomba. Usiku huo sakafu ikapona.

Rangi ikapakwa mkono wa kwanza, kisha wa pili, kijivu iliyong'aa. Wakati inakauka, wazee wale walikwenda kila mahali kwa miguu. Taratibu alilalamikia jua na viatu, na mwendo wa watu wasiojua kushika upande wao. Kisha siku moja, wakivuka barabara, baiskeli ilitokea upande wa kushoto ikampitia karibu na bega. Hakuwa ameiona kabisa. Mpanda baiskeli alitukana, akaenda zake. Taratibu aligeuza shingo kushoto kila hatua mpaka nyumbani, na Mama Dobi, aliyekuwa na hotuba nzima tayari, aliimeza.

Wiki ikaisha. Fundi alikanyaga kila kona, akaridhika.

"Tayari, mwalimu. Ingiza gari."

Binti alikuwa ameshalileta, amesimama getini na ufunguo mkononi. Mama Dobi hakuwa na kitu kingine cha kukausha.

Taratibu hakuupokea ufunguo. Alipiga magoti mlangoni, akapitisha kiganja juu ya sakafu.

"Hapa pana mikwaruzo," alisema.

Fundi aliinama, akatazama huku na huku. "Wapi, mzee?"

"Pote."

Fundi alimgeukia Mama Dobi amwokoe. Mama Dobi aliitazama ile sakafu, safi kiasi cha mtu kuweza kukandia unga juu yake.

"Hata mimi naiona," alisema. "Mingi sana."

"Itabidi mkono wa tatu," alisema Taratibu. "Ukikauka huo, tutaona habari ya wa nne." Kisha akamwambia binti yake, bila kugeuka, "Kaa nalo tu, mama. Ukifunga breki linavuta kushoto. Lizoee."

Binti alirudisha gari nyuma mpaka barabarani, akaondoka. Taratibu alibaki pale chini, akisikiliza gia zikibadilishwa mpaka mlio ukapotea.

"Ya pili kaiwahi mno," alisema, kisha akaanza kulia.

Mama Dobi alipiga magoti kando yake, akamshika mkono. Fundi alikwenda kuchanganya rangi.