Koplo wa Chunguni

Jirani yangu hapa Zuzu anapika mlenda. Nimerudi kazini miguu imevimba, nimejitupa kwenye kiti cha plastiki bila hata kuvua viatu, na harufu ya majani makavu yanayochemka na magadi imenifuata humu ndani. Nikamkumbuka Koplo. Huyo si mtu, ni chakula.

Utotoni kwetu Gulwe, Koplo alikuwa ugali wa pumba za mtama, rangi ya udongo, unaokwaruza koo, ukisindikizwa na mlenda usio na karanga. Mama alikipa chakula hicho cheo cha baba, aliyekuwa mwanajeshi katika kambi ya mbali na kuja likizo mara moja kwa mwaka. Mvua zilikuwa zimegoma msimu wa pili mfululizo, na pumba tulizozoea kuwamwagia kuku tukawa tunazila wenyewe. Mimi na mdogo wangu Yohana tukisusa, mama alisema, "Koplo haulizi kuna nini. Anakula, anasonga mbele." Basi tulikula tumekakamaa kama tuko kwenye gwaride, tukishindana kumeza bila maji.

Mama hakujua kuandika, kwa hiyo barua za baba niliziandika mimi. Maneno yalikuwa yale yale: hatujambo, chakula kipo. Sikuona uongo wowote hapo. Koplo si alikuwepo?

Siku baba aliposhuka kwenye treni, mama alichinja tetea wetu wa mwisho, akasonga ugali mweupe wa unga aliouazima. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," tulinong'onezana na Yohana huku tukimeza mate. Lakini moyoni niliona baba anaonewa. Mtu atoke safari yote ile, halafu anyimwe chakula chenye jina lake! Nikachota kiporo cha Koplo kwenye bakuli, nikampigia goti.

"Baba, chakula chako ni hiki. Sisi tunakula kila siku."

Alimega tonge, akatafuna kwa muda mrefu.

"Kinaitwaje?"

"Koplo."

Mama aliinamisha kichwa, akawa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake. Baba alitusukumia sisi watoto sahani ya kuku, akala bakuli lile mpaka likaisha. Kisha akasema taratibu, "Mama Neema, ungeniambia." Nilijua nimeharibu, ila sikujua nimeharibu nini, na kuku yule nilimla nikilia.

Kesho yake baba alipanda treni kwenda kwa dada yake, akarudi na magunia mawili ya mahindi. Koplo hakupikwa tena.

Aibu ya siku ile niliibeba miaka mingi. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini siri ilikuwa ya mama, na mimi ndiye niliyeianika mbele ya mumewe. Nilipopata wanangu ndipo nikaelewa kwamba mama alitia jina chunguni kwa sababu hakuwa na kingine cha kutia. Mwaka jana nikamwomba radhi. Alikuwa anachambua mchicha, wala hakuinua uso.

"Radhi ya nini, Neema? Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Siku ile ndiyo nililala usingizi."