Mombasa Ambayo Sikuwahi Kufika

Nianze kwa kukuomba usicheke. Kama wewe ni wa kusema kwamba majini ni habari za watu wa pwani, basi tuko pamoja, kwa sababu hata mimi nilikuwa nikisema hivyo. Mimi ni Msabato. Nimezaliwa Sironga, kule Nyamira, katikati ya majani ya chai ambayo nyumbani tuliyachuma lakini hatukuyanywa. Kwa mganga sijawahi kukanyaga. Na haya ninayokueleza hayakunipata gizani wala njiani nikitoka matanga. Yalinipata mchana, ndani ya saluni yangu mjini Kisii, na shahidi wangu yuko hai, bado anauza mitumba pale sokoni Daraja Mbili. Ukitaka, muulize. Ila yeye atakueleza kisa kingine kabisa, na hiyo ndiyo aibu yangu.

Shahidi huyo anaitwa Kwamboka. Ni rafiki yangu na ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama. Mikutano tunafanyia pale saluni kila Jumapili, kwa sababu viti viko na hakuna jiko la kumuunguzia mtu sukuma wiki. Mwaka jana tukaanza kubishana tutembee wapi Disemba.

"Mombasa," Kwamboka akasema. "Migomba na ng'ombe tumeona maisha yote. Twende tuone bahari, Fort Jesus, na zile nyumba za kale."

"Na lile joto?" mmoja akauliza. "Nasikia hata maji ya kuoga ni ya chumvi."

"Na wale wanawake warembo wenye kwato za punda?" mwingine akatia. Tukacheka, lakini si sana.

Tukaendelea hivyo mpaka jua likaegemea. Treni ni raha, lakini mtu wa Kisii kwanza afike Nairobi na mgongo ukiwa mzima. Chakula chao ni kitamu, lakini bila obokima, ugali wetu wa wimbi, tutashiba? Wenyeji ni wapole, lakini watacheka Kiswahili chetu. Mji ni wa kale, una mambo mengi ya kuona, lakini je, mambo hayo nayo hayatuoni? Kila faida ilizaa hasara yake. Mwishowe Kwamboka akapiga makofi.

"Tunabishana bure. Nani hapa amefika?"

Vichwa vikainama.

"Mimi nimefika," nikasema.

Usiniulize kwa nini. Mimi mwenyewe nimejiuliza hadi nikachoka. Labda ni kwa sababu wote walikuwa wameangalia chini, na nikaona hapo pana nafasi ya mtu kuinua kichwa. Kupita Nakuru sikuwa nimeenda. Lakini waliponigeukia kwa macho yale, maneno yalitoka kama maji ya mfereji. Nikasema nilienda kabla sijaolewa, mwaka ule nilipomaliza shule, nikitafuta kazi. Nikasema nilikaa Mji wa Kale, kwa bibi mmoja aitwaye Bi Mwanaidi, nyumba ya mlango wa kijani wenye misumari ya shaba, ngazi zake nyembamba kiasi kwamba unapanda kwa ubavu. Jina hilo sikulitoa popote. Lilikuja tu.

Basi nikawa mjuzi. Siku zilizofuata walinijia mmoja mmoja: Mama Brian, tubebe sweta? Mama Brian, kanisa letu liko huko? Nilijibu yote. Nilipima faida na hasara kama hakimu, na niamini nikikuambia kwamba nilifurahia.

Sasa sikiliza. Alasiri moja mvua ilishuka, ile yetu ya mawe inayopiga mabati hadi huwezi kusikia redio. Stima ikapotea. Nilikuwa nikimsuka Kwamboka, nusu ya kichwa imekwisha, nusu bado imesimama. Mlango ukafunguka, akaingia mwanamke mzee aliyevaa buibui. Kisha nikaona: nje mvua ilikuwa ikivunja matawi, naye alikuwa mkavu, isipokuwa upindo wa buibui chini, uliokuwa ukichuruzika maji kama wa mtu aliyetembea ufuoni.

"Hujambo, mwanangu," akasema.

"Sijambo, mama. Karibu ukae, mvua ni mbaya."

"Sikai sana. Nimekuja kukujulia hali. Watoka nyumbani kwangu hata kwaheri hukunipa. Hivyo ndivyo mlivyolelewa kwenu?"

Nikafikiri amepotea. Nikamuuliza anamtafuta nani.

"Nakutafuta wewe. Umenisahau mara hii? Mimi Mwanaidi."

Kwamboka alirusha mikono juu, chanuo likaanguka. "Ndiye huyu! Mama Brian, ndiye bibi wako wa Mombasa! Karibu Kisii, bibi! Huyu dada amekusifu hapa mpaka tumechoka!"

Hapo, ungekuwa wewe, ungefanya nini? Ningesema simjui, Kwamboka angejua nimedanganya chama kizima, na kabla ya Sabato Keumbu yote ingejua, kwa sababu Keumbu ndiko tunakokaa na mume wangu ni shemasi huko. Ningesema namjua, basi namjua nani? Mwanamke yule alinitazama bila haraka. Macho yake hayakuwa mabaya. Ningependa kukuambia yalikuwa mekundu au yalipinda kama ya paka, lakini hapana. Yalikuwa macho ya mtu aliyengoja jibu kwa muda mrefu.

"Nakukumbuka, bibi," nikasema. "Nisamehe. Niliondoka kwa haraka."

Alishusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi umekubali kwa kinywa chako, na mwenzako amesikia."

Akanishika mkono. Ulikuwa mkono wa kawaida, wenye joto. Akaomba maji, nikamtilia kwenye glasi kutoka kwenye mtungi wangu, akaishika tu, akairudisha, akatoka. Mvua haikuwa imepungua hata kidogo. Kwamboka, asiyependa kitu kipotee, akaichukua ile glasi akanywa, kisha akatema sakafuni.

"Lo! Umetia chumvi kwa maji?"

Nilionja. Ilikuwa chumvi chungu, ya kukausha ulimi. Maji yaliyobaki mtungini yalikuwa matamu.

Baada ya siku hiyo sikutaka kusikia Mombasa. Nilianza kuwahesabia hasara tu: joto, malaria, wezi. Hakuna aliyenisikiza, kwa sababu walikuwa wamemwona mwenyeji wao, au tuseme Kwamboka alimwona na akawatangazia wote. Disemba ilipofika nikajifanya mgonjwa. Walienda bila mimi.

Waliporudi, Kwamboka alikuja kwetu Keumbu moja kwa moja. Tulikuwa mezani, mimi na Baba Brian, mboga ya chinsaga na obokima mbele yetu. Alikaa akilia na kucheka pamoja.

"Kwa nini ulitunyima habari nzuri, dada? Nyumba tuliipata. Mlango wa kijani, misumari ya shaba, ngazi ya kupanda kwa ubavu. Tukawaonyesha picha yako, na mama wa nyumba akaangua kilio. Akasema ulikaa hapo, uliwapikia na kuwafulia, na bibi yao alikupenda kama mwanawe. Halafu asubuhi moja wakaamka, hupo."

"Na bibi?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia kwa mbali.

"Hapo ndipo sijaelewa. Wanasema alikufa miaka mingi iliyopita. Nikawaambia mimi nimemwona Kisii mwaka huu, wakaangaliana. Labda ni dada yake." Akatoa simu. "Lakini mtoto hajambo kabisa. Mkubwa, mrefu! Anafanana na wewe hadi kucha."

Baba Brian akaweka mkono wake juu ya meza, polepole. "Mtoto gani?"

Kwamboka ndipo akatambua amesema nini. Lakini picha ilikuwa tayari iko mezani. Msichana wa shule, mtandio mweupe, na chini ya mtandio huo uso wangu.

"Anaitwa nani?" mume wangu akauliza.

"Moraa," Kwamboka akanong'ona.

Moraa ni jina la mama yangu. Nani Mji wa Kale anaweza kumwita mtoto Moraa, kama si mtu wa kwetu?

Niliapa. Nililia. Nikasema ukweli wote, kwamba nilidanganya, kwamba Mombasa sijawahi kufika. Unajua mtu anavyoonekana akianza kusema alidanganya wakati ambapo uongo wake umeshapata mashahidi? Nilimpigia mama yangu Sironga mbele ya mume wangu, nikaweka simu kwa sauti. Nikamuuliza: mama, mwaka niliomaliza shule si nilikuwa na wewe, tukichuma chai?

"Mwaka gani?" akasema. "Ule ulioenda Mombasa?"

Baba Brian hakunipiga, wala hakunifukuza. Aliondoka mezani, na siku iliyofuata akarudisha ushemasi wake kanisani bila kueleza sababu. Tunaishi nyumba moja. Ananiita "mama watoto" sasa, kwa wingi, ilhali tuna Brian peke yake, na kila anapolisema ninaangalia chini. Pale Daraja Mbili wanawake wananisalimia kwa upole mno, upole wa kumsalimia mtu aliyeacha mtoto.

Na mimi nakumbuka. Nakumbuka umande wa mwaka ule, kikapu mgongoni, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Ila siku hizi, nikisuka mtu na mvua ikianza, nakumbuka pia ngazi.

Juzi simu ililia, namba nisiyoijua. "Shikamoo, mama," sauti ikasema, Kiswahili chepesi cha huko. "Watu wa kwenu walikuja. Wewe waja lini?"

Nimepima, we acha tu. Nikienda, nimekiri mbele ya mume wangu na mbele ya Mungu jambo nisilolifanya, na sijui ni nani atakayenifungulia ule mlango. Nisipoenda, kuna msichana anayekaa kibarazani akiangalia njia. Nilikusudia kumwambia amekosea namba. Nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Disemba, mwanangu."

Kwa hivyo wewe unayenisikiliza, siku watu wakiuliza ni nani aliyefika, na wewe hujafika, kaa kimya. Inama kama wenzako. Aibu ya kutojua huisha jioni ile ile.