Kaseti Iliyopakwa Mafuta ya Papa

Sijapata kusikia mtu mwingine aliyepaka mchezo wa video mafuta ya papa isipokuwa baba yangu. Nalisema hili kwa mapenzi, ingawa siku niliyoifungua ile kaseti yalinitoka maneno ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi kuyatamka mbele ya mzazi.

Kwetu Kismayo, baba alikuwa fundi wa vyombo vya baharini. Mjomba wangu, baharia wa meli za mizigo, ndiye aliyeniletea kile kichezeo cha mkononi, cha rangi ya kijivu, chenye kioo kidogo na kaseti moja tu ya kuchomeka mgongoni. Nasema aliniletea mimi, na ieleweke hivyo. Baba aliomba kukitazama “kidogo tu”, na tangu hapo mimi ndiye niliyekuwa nikiomba. Mchezo ulikuwa wa kijana anayetoka kijijini kwao, akavuka mito na milima kwenda kupambana na joka mwisho wa dunia. Maandishi yake yalikuwa ya Kijapani. Baba, ambaye hata herufi zetu alizisoma kwa kusuasua, hakujali. Njia aliijua kwa kujigonga kwenye kila ukuta.

Vita vilipoingia mjini tukafunga tulichoweza. Mama alichukua sufuria, mbuzi ya kukunia nazi na picha za harusi yake. Baba alichukua kichezeo, na kabla ya kukifunga akakifanyia kile ambacho fundi wa vyombo hukifanyia chochote kinachokwenda baharini: alikipaka sifa, yale mafuta ya maini ya papa ambayo kwetu hupakwa mbao za mashua. Kaseti akaichomoa, akaipaka nayo, kisha akashindilia pamba kwenye kila upenyo wake, kama anayeziba chombo kinachovuja. Mama akamwambia kitanuka.

“Kinuke,” baba akajibu kwa lahaja yetu ya visiwani, ambako maji ya chumvi ni mayi ya munyu. “Mayi ya munyu hayangii.”

Tukasafiri kwa mashua, tukalala Burgao, tukapita Ras Kamboni, tukavuka mpaka tukaingia Kiunga, mzigo mzima unanuka papa. Njiani bahari ilipanda chomboni mpaka magotini. Redio ikafa. Picha za harusi ya mama zikawa uji. Kichezeo, sina budi kukiri, kilifika kikavu.

Katika kambi ya wakimbizi Mombasa baba hakuwa na mbao wala tezo ya kuzichongea, na fundi asiye na tezo mkononi anasikitisha kumtazama. Alikaa mlangoni pa hema akacheza. Betri zikiisha nguvu alizianika juani, akazing'ata, akazirudisha, kijana wake akapata dakika chache zaidi za kutembea. Wazee wenzake wakipita walimuuliza habari za huyo kijana, “Mchu wako kafika wapi leo?” Naye akawapa habari za safari kwa uzito wote, mto gani kavuka, pango gani limemshinda. Mama alikuwa akisema kwamba kaletewa mke mwenza, afadhali huyu hali chakula.

Halafu watu wakaanza kuandikishwa kurudishwa visiwani kwetu. Ndugu zake baba wakajiandikisha kurudi Darakasi, kisiwa walichozaliwa wao na yeye. Mama alikuwa mgonjwa, hawezi safari, na baba akasema hatuendi. Siku waliyoondoka aliwasindikiza mpaka kwenye gari, akarudi, akakaa na kichezeo chake mpaka betri zikakataa kabisa. Muda si mrefu kioo nacho kikafa. Akaichomoa kaseti, akaipaka sifa upya, akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Mama hakupona. Nasi tukabaki Mombasa.

Leo mimi ni fundi wa simu, na baada ya kazi nina wazimu wangu: natengeneza kompyuta za mtindo wa kale. Nachukua kibao kidogo cha kompyuta, kibodi iliyotupwa, kioo kilichotolewa kwenye gari bovu, navifunga pamoja, kisha natia emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ijifanye ni kichezeo cha zamani. Makasha yake anatengeneza baba, ya mbao, kwa vigingi vya mti. Parafujo hazitaki, anasema zinaota kutu. Tunagombana kila kasha, na kila kasha linatoka zuri.

Mwaka jana jicho lake moja liliziba, na la pili likaanza kuingia ukungu. Nikaona nimpe raha yake kabla halijafunga. Nikautafuta ule mchezo mtandaoni, nikautia, nikamwita. Kijana akaamka kitandani kwao, mwanzo kabisa wa hadithi. Baba akamtazama.

“Si huyu,” akasema. “Huyu hajenda popote. Wangu mimi nimemwata mahali.”

“Umemwacha wapi?”

“Mahali.”

Nikajua ni kwa joka. Sasa tatizo ni hili: ndani ya kaseti kama ile mna betri ndogo, kama ya saa ya mkononi, na ndiyo inayokumbuka ulipoachia. Ikifa, kaseti husahau yote. Nikamwambia, “Baba, betri ile ni ya zamani mno. Huenda mtu wako hayupo tena.” Akaenda kuleta kopo.

Ndipo yaliponitoka yale maneno. Sifa ilikuwa imegeuka gundi ya kahawia, na pamba imegandia kwenye kila jino la shaba. Nilisugua kwa spiriti na mswaki huku nikimkaripia kwa mafuta yake, na yeye ananiuliza kwa upole kama nimeona kutu. Sikuona kutu. Harufu ikajaa chumba kizima, nikamwona mama ndani ya mashua, akizikausha picha zake kwa upindo wa leso. Nililia, wala haikuwa spiriti.

Kichezeo kile kile kilichokufa nilikikata mdomo wake wa kaseti, nikaulehemu kwenye kibao changu. Nikachomeka, nikasoma. Hakuna kitu. Nikasugua tena, nikasoma. Safari hii mchezo ukafunguka, muziki wake ukijivuta kama kanda ya taarabu iliyoishiwa betri, maana mashine yangu haina nguvu. Na pale penye orodha ya wachezaji, mstari wa kwanza ulikuwa na mtu.

“Yupo!” nikapiga kelele. “Baba, yupo!”

Akabonyeza mwenyewe. Kijana akatokea, ana upanga, ana ngao, ana kila silaha ya safari nzima. Lakini joka halikuwepo. Alikuwa amesimama ndani ya kile kijumba cha mwanzo, kando ya kitanda chake.

Nikapandwa na hasira. “Umerudi mwanzo! Na joka?”

“Nalifika mlangoni pa joka. Nikageuza.”

“Lini?”

“Siku ile wenzetu walipokwenda Darakasi.”

Akausogeza uso mpaka karibu uguse kioo, upande wa jicho linaloona, akamwangalia kijana wake kwa muda mrefu. Nikamsogezea vitufe. Nikamwambia haya, endelea, njia unaijua.

Akaurudisha mkono wake mapajani.

“Mwate papo,” akasema. “Kashafika kwao.”